Mvua ya Mwezi wa Sita

Winfrida aliligundua jambo hilo akiosha vyombo. Kikombe kimoja kilikuwa dirishani, kingine juu ya kabati la redio, cha tatu kwenye ukuta wa nje karibu na bomba, na vyote vitatu vilikuwa na chai nusu iliyokwisha kupoa. Mumewe alikuwa hamalizi chai. Alipiga funda mbili, simu ikalia, akainuka, na popote alipokumbuka kwamba ana kikombe mkononi ndipo alipokitua.

Mume huyo, Bonaventura, alikuwa mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya Ujiji. Yeye ndiye aliyepanga vipindi, aliyekusanya alama za mitihani, na aliyejaza takwimu ambazo wakubwa waliziomba saa saba na nusu wakitaka zifike kabla ya saa nane. Juu ya hayo alikuwa katibu wa kamati ya mahafali, mwenyekiti wa jumuiya yao kanisani, na msimamizi wa kamati ya harusi ya Meshack, kijana wa jirani, ambaye wala hakumwomba sana. Kila kamati ilikuwa na kundi lake kwenye simu. Makundi yalikuwa kumi na manane, na yote aliyajibu yeye, hata pale ambapo mtu alikuwa ametuma tu picha ya maua na neno la asubuhi njema.

Simu hiyo haikuzimwa sauti hata siku moja. Aliingia nayo bafuni akaitundika kwenye msumari ndani ya mfuko wa nailoni. Kanisani alitoka nayo nje wakati wa mahubiri. Winfrida aliwahi kumsihi ainyamazishe japo wakati wa kula, naye akamtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumwona nalo.

"Simu yangu sizimi sauti," alisema, akasukuma sahani, akatoka.

Mwezi wa sita ulipoanza, wiki mbili kabla ya shule kufungwa, alisimama kwenye chumba cha walimu kusoma matokeo ya kidato cha pili. Majina yakaanza kuogelea kwenye karatasi. Aliendelea kusoma, maana hakutaka mtu ajue, lakini alilisoma jina moja mara tatu, na Yassir, mwalimu wa hesabu aliyekaa karibu naye, akamshika kiwiko na kumkalisha. Kisha akamtoa nje taratibu, akampakia kwenye bajaji hadi zahanati.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, Sista Wema, mwenye miwani iliyoshuka puani. Alimfunga mpira mkono wa kushoto, akapima, akamfunga wa kulia, akapima tena.

"Mia moja themanini na mbili kwa mia moja na kumi. Mwalimu, una miaka mingapi?"

"Arobaini na nne."

"Na hamsini unataka kuifikia?"

Alimwandikia vidonge, akamwambia apunguze chumvi, kisha akatamka lile neno ambalo siku hizi kila mtu humwambia mwenzake. "Na upunguze mawazo."

"Yanapunguzwaje?" Bonaventura aliuliza. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ametoa kalamu.

Lakini Sista Wema alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Basi akaanza kuuliza watu. Mkuu wa shule, Mzee Oswald, alimwambia mazoezi ndiyo dawa. Mama mmoja wa jumuiya akampa sala ya siku tisa. Yassir alimshauri ashuke ziwani kila alfajiri akaogelee, maji ya Tanganyika yanaondoa kila kitu. Dada aliyeuza maandazi alisema anywe maji ya uvuguvugu yenye ndimu. Bonaventura aliyachukua yote, akayapanga kwenye jedwali kwa rula, kama anavyopanga vipindi: saa kumi na moja kamili mazoezi, kumi na moja na nusu kuogelea, kumi na mbili na robo sala, na nusu maji ya ndimu. Siku ya tatu alichelewa kwenye sala kwa sababu ya kuogelea, akaruka ndimu ili kufidia, akafika shuleni anahema na shati limelowa mgongoni. Kufikia Ijumaa alikuwa nyuma ya ratiba ya kupumzika kwa siku mbili nzima, na jambo hilo likamnyima raha kuliko takwimu zote.

Winfrida aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja mara nne.

"Shule ikifungwa unakwenda Kalinzi," alisema. "Kwa mama."

"Kufanya nini?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakupeleka kule. Nimekutafutia mahali ambapo huruhusiwi kugusa kitu."

Na kweli. Kwa akina Winfrida, kule juu milimani, mkwe wa kiume akija hapewi jembe, haingii jikoni, hatumwi. Hukalishwa kwenye kiti kizuri, huletewa chakula peke yake, na mama mkwe humsalimia kwa mbali akiwa ameinamisha macho. Bonaventura alikuwa amekwenda huko mara sita tangu waoane, na hakuwahi kulala zaidi ya usiku mmoja. Sasa aliambiwa wiki nzima.

Asubuhi ya kuondoka Winfrida alimnyooshea mkono. Aliielewa ishara hiyo, akaikumbatia simu yake.

"Akipiga mtu?"

"Nitapokea mimi." Akampa kitochi cha zamani, kile cha vibonyezo, chenye namba yake peke yake ndani. "Hiki kinatosha kuniambia umefika."

Walivutana pale mlangoni mpaka mtoto wao, Bariki, akatoka kutazama. Ndipo Bonaventura akaona aibu, akaiachia. Shemeji yake Jeremia alikuwa anasubiri nje na pikipiki. Njia nzima ya kupanda, kuanzia Mwandiga, vumbi jekundu likiwapiga usoni, mkono wa Bonaventura ulikuwa unapapasa mfuko wa shati usio na kitu.

Kalinzi ilikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Mama mkwe wake, Bibiana, alitoka hadi ukingo wa uwanja, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye, Baba Bariki. Mwakeye."

"Mwakeye, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Za watoto? Za Ujiji? Za kazi? Za ziwa?" Alimaliza salamu zote, hakuacha hata moja, kisha akaingia zake jikoni. Dainess, mke wa Jeremia, akaleta kiti cha mbao chenye mto, akakiweka kibarazani. Hapo ndipo Bonaventura alipotakiwa kuishi kwa siku saba.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Nyumba nzima ilikuwa mbioni. Asubuhi walikwenda shambani kuchuma, mchana wakarudi na vikapu vya kahawa nyekundu, wakaisukuma kwenye mashine ya kumenyea, wakailoweka, wakaiosha, wakaianika kwenye vichanja vitatu vya wavu vilivyosimama uwanjani mbele yake. Yeye alikaa. Akihamisha kiti kufuata jua, Dainess alikuja mbio kukibeba kwa niaba yake. Akiinuka kushika ndoo, Jeremia aliipokea mkononi. "Tulia, shemeji. Wewe mgonjwa."

Siku ya kwanza alihesabu migomba iliyoonekana kutoka kibarazani. Ilikuwa mia moja arobaini na moja. Alihesabu mabati ya nyumba. Aliona kwamba Dainess akigeuza kahawa huanza na kichanja cha kati, kisha cha kulia, kisha hurudi kushoto, na hapo hupoteza hatua tisa kila mara, na hatua tisa zile zilimwingia mwilini kama mwiba. Jioni hakuvumilia. Alirarua karatasi kwenye daftari la Jeremia, akapanga zamu za kugeuza kahawa, nani na saa ngapi, akaigandisha mlangoni kwa ugali. Asubuhi alikuta kuku wameila.

Siku ya pili wote walikwenda shambani, hata mama mkwe. Walimwachia uji kwenye chupa na nyumba tupu. Bonaventura alikaa na kitochi gotini. Mara nne alimpigia Winfrida kuuliza nani amempigia. Mara ya nne Winfrida alisema, "Mkuu wa shule, na mama mmoja wa jumuiya, na watu wa harusi wamebishana kuhusu mapambo. Wameshapatana. Pumzika," akakata.

Wameshapatana vipi? Nani aliamua? Alisimama, akazunguka nyumba, akarudi. Ndipo akaona wingu.

Lilikuwa limetokea upande wa ziwa, kubwa, limejaa chini, la rangi ya jivu. Upepo ukainua kidogo kingo za maturubai yaliyokunjwa chini ya vichanja. Moyo wake ukaanza kwenda mbio. Uwanja mzima ulikuwa na kahawa, hakuna mtu, na mvua inakuja, na yeye ndiye mwanamume pekee aliyekuwepo. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alitandika turubai sebuleni, akachukua karai, akaanza kukomba kichanja cha kwanza, akakimbia ndani, akamwaga, akarudi. Kichanja cha pili. Cha tatu. Jasho lilimtoka, viatu vikamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Ujiji alijisikia mzima. Alipomwaga karai la mwisho, rundo lilikuwa limefika kiunoni. Akafunga mlango, akasimama kibarazani kuingojea mvua.

Wingu lilipita juu ya nyumba, likatupa kivuli, likaenda zake kuelekea Burundi. Jua likarudi kali kama lilivyokuwa.

Walimkuta amesimama palepale. Dainess alivitazama vichanja, akapiga ukelele akidhani wameibiwa. Bonaventura akawafungulia mlango. Alikuwa bado anatabasamu kidogo.

"Nimeianua. Niliona mvua."

"Mvua?" Jeremia alitazama juu, akamtazama yeye. "Mvua ya mwezi wa sita, Mwalimu, kiangazi hiki?"

Hakuna aliyecheka. Dainess alipiga magoti kando ya rundo, akatia mkono ndani, akautoa na kiganja cha kahawa. Punje nyingine zilikuwa kavu, zinalia zikigongana. Nyingine zilikuwa zimeoshwa jana, bado zimelowa. Kichanja cha kwanza kilikuwa na siku tisa, kimebaki kufungwa kwenye magunia. Cha pili kilikuwa na siku nne. Cha tatu kilikuwa cha jana. Sasa zote zilikuwa kitu kimoja, na mbichi ikilala na kavu huota ukungu na kunuka, na chama cha ushirika hawaipokei.

"Shemeji," Dainess alisema kwa sauti ndogo, "zimechanganyika zote."

Bonaventura alitaka ardhi ipasuke. Alianza kueleza habari ya wingu, ukubwa wake, upande lilikotoka, akajisikia anavyoeleza, akanyamaza.

Bibiana alifungua khanga kiunoni, akaikaza upya. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mitano: alimtazama mkwe wake usoni.

"Baba Bariki. Kaa chini."

Bonaventura akaleta kiti.

"Si hapo. Chini."

Wakakaa chini, wawili, kila mmoja upande wake wa rundo. Alimwonyesha mara moja tu. Punje unaibonyeza kwa ukucha, ikibonyea, huku, ikikataa, kule, ikisitasita, katikati. "Usiharakishe," alisema. "Ukiharakisha tutarudia." Jeremia na Dainess walirudi kwenye mashine kumenya kahawa ya siku ile, kwa maana kahawa iliyochumwa haingoji.

Bonaventura alikuwa na haraka ya kufidia, akabonyeza mbilimbili, na Bibiana alikuwa akiinyoosha mikono kwenye mafungu yake, anatoa punje alizokosea, anazirudisha kwenye rundo bila kumwangalia. Baada ya mara kadhaa akaacha haraka. Hasira ya mama yule ilikuwa wazi, wala hakuificha, na namna fulani ilikuwa afadhali kuliko kiti chenye mto.

"Winfrida ananiambia una presha," hatimaye alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na hulali."

"Nalala kidogo."

"Mimi sielewi." Alibonyeza punje, akaitupa kulia. "Mtu mwenye kazi, mwenye mke, watoto wazima. Mtu aliyeachiwa baraka. Siku ya msiba wa mama yako kule Ilagala, dada yako alituambia sote, nami nilikuwepo. Alisema mama amekata roho anakuita wewe. Bona, Bona, mpaka mwisho. Mtu aliyeitwa hivyo na mama yake anatafuta nini kingine?"

Punje zilimponyoka Bonaventura mkononi. Alisema, "Samahani, Mama," akainuka, akatoka, akaenda moja kwa moja hadi barabarani pasipo viatu.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi na moja, alikuwa ametoka kusimamia mitihani ya kidato cha nne. Ilikuwa Jumamosi mchana. Winfrida na watoto walikuwa sokoni. Alikuwa na uchovu ule wa kuumwa mifupa, akajilaza kitandani, na ili apate saa moja ya usingizi akainyamazisha simu. Alilala kwa saa tatu nzima. Alipoamka akakuta amepigiwa mara kumi na moja, zote na dada yake Rozalia kutoka Ilagala, na ujumbe mmoja: mama ametutoka. Kila aliyemuuliza alimwambia mtandao ulikatika. Alimwambia mkewe hivyo. Alimwambia Rozalia hivyo, kaburini, macho kwa macho. Na Rozalia, akilia, akamwambia: alikuita mpaka mwisho, kaka.

Tangu siku hiyo hakupumzika tena. Hakuwa ameapa wala kuamua. Kila alipokaa tu kitu kilimsukuma ainuke.

Sasa alisimama kando ya barabara na kitochi mkononi. Namba ilikuwa haimo, lakini aliijua kwa kichwa, kwa kuwa aliwahi kuisoma mara kumi na moja kwenye kioo kimoja.

"Haloo?" Nyuma ya sauti ya Rozalia kulikuwa na watoto na mtu anayegonga mbao. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, na watu walikuwa wanaziba mitumbwi.

"Ni mimi. Bona."

"Kaka! Namba gani hii? Umepatwa na nini?"

"Rozalia, siku ile ya mama. Mtandao haukukatika."

"Nini?"

"Niliinyamazisha simu. Nilikuwa nimelala."

Kugonga kuliendelea, ko, ko, ko. Mwendesha bodaboda alipita, akampigia honi kumsalimia, naye akainua mkono bila kujua.

"Umelala," Rozalia alisema.

"Ndiyo."

"Miaka miwili unaniambia mtandao." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Kaka, unajua nilifanya nini? Walikuja mafundi wa mnara hapa kijijini, mwezi wa pili mwaka jana. Vijana wa watu, wana kofia zao. Niliwafuata mpaka kwenye gari nikawatukana! Nikawaambia mtandao wenu umemnyima kaka yangu kumuaga mama! Watu wakajaa. Mmoja alitaka kulia!"

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha mimi, kawaombe wale vijana!"

Bonaventura alimsikia akihema, kisha mlango ukafungwa, na sauti za watoto zikawa mbali.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu aliniita," Bonaventura alisema. "Ulisema aliniita mpaka mwisho. Kila siku naisikia. Nikikaa tu, naisikia."

Bonaventura akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Hakukuita," Rozalia alisema.

"Nini?"

"Mama hakukuita. Wala hakuniita mimi niliyekuwa nimemshika." Sasa naye alikuwa akilia, ila kwa hasira. "Alikuwa anauliza habari za dagaa. Nilikuwa nimewaanika mchangani, na kulikuwa na wingu. Anauliza, dagaa wameanuliwa? Namwambia, mama, tulia. Anauliza tena, dagaa wameanuliwa? Mvua hiyo. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilikuwa nikuambie hivyo? Umefika umechelewa, umekonda kwa siku moja, watu wamekuzunguka, nikuambie mama amekufa anaulizia dagaa? Nikasema alikuita. Watu husema hivyo msibani. Nilidhani nakupa kitu kizuri."

Bonaventura alikaa kwenye nyasi za kando ya barabara. Kitu kilipanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio, na kilipofika mdomoni kilikuwa kicheko, na kabla hakijaisha kikageuka kilio kweli.

"Unacheka?" Rozalia aliuliza.

"Leo nimeanua kahawa yote ya mama mkwe. Niliona wingu."

"Mwezi wa sita?"

"Mwezi wa sita."

Rozalia akatoa sauti ambayo haikuwa cheko wala guno. "Ninyi wawili," alisema. Kisha, baada ya kupenga kamasi na kufuta pua: "Walianuliwa. Wale dagaa. Nilimtuma mtoto wa jirani, nikamwambia mama, tayari. Sijui kama alisikia." Akaongeza, "Nimekukasirikia, kaka. Usidhani yameisha. Na simu ya kwanza hata ungeipokea, asingesema na wewe. Tatu tu nilipiga akiwa hai. Nyingine zote alikuwa ameshakwenda." Akakata bila kuaga.

Alirudi amevimba macho. Bibiana alimtazama, akatazama miguu yake yenye vumbi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni yuleyule wa zamani."

Akaketi mahali pake. Walichambua mpaka jua likashuka nyuma ya mlima, na kesho yake kutwa nzima, na keshokutwa yake hadi adhuhuri. Robo ya kahawa waliipoteza. Bibiana hakumwambia eti si neno, kwa maana lilikuwa neno, na kila walipokuta punje iliyoanza kunuka alimpa aishike mwenyewe. Lakini siku ya tatu aliagiza chakula kiletwe pale walipokuwa, na wakala wakiwa wanaonana, jambo lililomfanya Dainess arudi na sahani mlangoni mara mbili akidhani amekosea.

Jumapili Winfrida alipanda kumchukua. Bonaventura alimweleza habari ya simu ile njiani, wakitembea kuelekea barabarani, nyuma ya Jeremia aliyekuwa anasukuma pikipiki yenye mkoba. Winfrida alisimama katikati ya njia.

"Mimi nilikuwa sokoni nanunua samaki," alisema. "Nimerudi nikakukuta umekaa chini. Ukaniambia mtandao. Mimi, mkeo?" Hakumsemesha tena mpaka Mwandiga. Walipofika Ujiji alimrudishia simu yake, nayo ilikuwa na ujumbe elfu moja na mia mbili usiosomwa. Bonaventura aliusoma wote siku ileile, akijichukia kila dakika.

Kwa hiyo mtu asidhani alirudi mtu mpya. Alirudi na presha ya mia moja hamsini na nane kwa tisini na nane, na Sista Wema akasema ni afadhali, siyo nzuri. Vidonge aliendelea kumeza. Wiki ya kwanza ya muhula alikwenda kwa Mzee Oswald akamwambia anaachia ukatibu wa mahafali na kazi ya takwimu. Abaki na vipindi na mitihani. Mzee Oswald alikunja uso, akauliza nani ataweza, akamkumbusha alivyomtegemea, na Bonaventura alikaribia kusema basi, nimebadili nia. Alishika ukingo wa meza mpaka hamu hiyo ikapita. Takwimu akapewa Yassir. Harusi ya Meshack aliwaachia waliokwisha patana kuhusu mapambo. Jumuiya alibaki nayo, kwa sababu aliipenda.

Rozalia alipiga simu baada ya wiki tatu kuuliza kama Ujiji kuna nyuzi nzuri za kushonea nyavu. Hakugusia jambo lile. Waliongea habari za nyuzi kwa robo saa nzima.

Mwisho wa mwezi wa nane takwimu zilitakiwa, kama kawaida, kabla ya saa nane. Bonaventura alikuwa meza ya pili. Alimwona Yassir akijaza idadi ya wasichana kwenye safu ya wavulana, akafuta, akaenda kunywa maji, akarudi, akapokea simu ya mkewe, akacheka. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Bonaventura alitoka nje akazunguka uwanja wa mpira mara mbili. Yassir alituma takwimu kesho yake, saa nne asubuhi, baada ya chai.

Mchana ule Bonaventura alimsimulia Winfrida wakiwa mezani.

"Wakasemaje?" Winfrida aliuliza.

"Hawakusema kitu. Wamejibu, imepokelewa." Alikuwa anamega ugali, anaufinyanga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Miaka sita nimekimbia na ile saa nane. Imepokelewa. Hata hawakuuliza niko wapi."

Winfrida alimtazama kuona kama amefurahi au ameumia, na hakuweza kujua.

"Sasa ulitaka wakuulize?"

Bonaventura alifikiri.

"Kidogo," alisema, akachovya tonge kwenye mchuzi, akala.